Asheri Fomati na Mkondo wa Pili

Fremu yetu ya biashara iko upande wa pili wa stendi ya Same, na nasema yetu kwa sababu nusu ni yangu na nusu ni ya Asheri. Mimi nina cherehani na meza ya kukatia. Yeye ana kompyuta, kiti kilichovunjika mgongo, na pazia ambalo nilimshonea mwenyewe ili vumbi lisimmalizie mashine. Upepo wa Same hauna adabu, unaingia hata mlango ukiwa umefungwa, na ukitoka unaacha udongo juu ya shela jeupe la mtoto wa watu. Kwa miaka sita tumegawana kufuli, ndoo ya maji na chai ya saa nne, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia Asheri akikiri kosa. Namwandika leo kwa sababu nimemsikia, mara moja tu, na sitaki jambo hilo lipotee.

Mji mzima unamwita Asheri Fomati. Mtu akija na flashi analalamika kwamba video ya kipaimara cha mwanawe inacheza vizuri kwenye simu lakini runinga ya nyumbani inaikataa, Asheri hata hamwangalii usoni. Anasema, "Fomati." Mtu akija na CD ya mazishi ya babu yake, imekwaruzika, anataka iingie kwenye simu awatumie ndugu walioko Dar, Asheri anasema, "Fomati." Siku moja mchungaji alipita akamuuliza hali ya mkewe, na Asheri, akiwa amezama kwenye kioo, akajibu, "Fomati tu." Mkewe hakucheka aliposimuliwa. Najua kwa sababu aliyemsimulia ni mimi.

Wapo wengine mjini wanaofanya kazi hiyo kwa programu zenye vitufe vya rangi rangi. Asheri anawadharau. Yeye hufungua dirisha jeusi lisilo na picha wala pambo, akaandika amri kwa vidole viwili, mstari mrefu wa herufi na nukta na vistari, kisha akabonyeza, na hapo maandishi meupe yanaanza kukimbia yenyewe kwenda juu. Wateja wa milimani husimama nyuma yake kimya, kofia mkononi. Bibi mmoja kutoka Kifaru alikataa kabisa kukaa karibu, akasema maandishi yanayojiandika hayana mwisho mwema. Amri zote ziko kwenye daftari lenye jalada gumu, kwa kalamu ya bluu, na Asheri huzinakili herufi kwa herufi kila siku, hata ile aliyoiandika mara elfu.

Niliwahi kumuuliza hasa anafanya nini mle ndani. Kwanza aliniambia sitaelewa. Nikamwambia mimi naweza kutoa suti ya mtu mnene kwenye kitambaa cha mtu mwembamba, anijaribu.

"Haya, Mama Kurwa," akasema. "Faili ni foronya. Ndani kuna mto. Kazi nyingine ni kubadili foronya tu, mto huugusi, dakika moja imekwisha. Kazi nyingine ni kufumua nguo yote na kuishona upya kwa kipimo kingine. Hiyo ndiyo inayochukua saa nzima."

"Na ndani ya mto kuna nini?"

"Mikondo. Mkondo wa picha, mkondo wa sauti. Inatoka pamoja, kama mifereji inavyotoka kwenye ndiva."

Ndiva ni yale mabwawa yetu ya kumwagilia kule juu, na aliyekulia kijiji cha Vudee, kama mimi, haelezwi mfereji. Lakini foronya yenye mifereji ndani yake ilinishinda, nikarudi kwenye cherehani yangu.

Tatizo la Asheri halikuwa kazi. Kazi anaijua. Tatizo lilikuwa kwamba kila kilichoharibika kiliharibiwa na mwenzake. "Wewe ulirekodi simu imelala." "Wewe ulinunua flashi feki." "Wewe ulichomoa kabla ya wakati." Alikuwa na msemo wake anaoutoa mara tatu kwa siku: mashine haikosei, anakosea mtu. Na huyo mtu, kwa bahati nzuri, hakuwahi hata siku moja kuwa yeye. Nyani haoni kundule, na wa kwetu alikuwa amekalia lake kwenye kiti kilichovunjika mgongo.

Sasa nirudi nyuma miaka kumi na moja. Kabla simu za kurekodi video hazijawa nyingi, Asheri alikuwa mpiga video wa harusi. Ndiye aliyepanda Vudee kurekodi harusi ya Irine, binti mkubwa wa Mzee Eliezeri na Bibi Priska. Mimi pia nilikuwepo, nilishona magauni ya wapambe. Mzee Eliezeri alikuwa mkulima wa maharage na ndizi, na watu walimjua kwa sauti. Shamba lake moja lilikuwa ng'ambo ya bonde, na ikifika saa ya kula alisimama juu ya jiwe akaita, "Priskaaa!" na mkewe akaitika kutoka nyumbani. Waliishi hivyo. Simu ilipofika kijijini, Mzee Eliezeri aliitazama akasema ni kifaa cha watu wasio na mapafu.

Siku ya harusi, zamu ya baba wa binti ilipofika, MC alimletea maiki. Mzee akaisukuma kando.

"Nimemwita mke wangu kutoka ng'ambo ya bonde miaka thelathini bila waya," alisema. "Nitashindwa na ukumbi?"

Akasimama akabariki, kwa Kiswahili badala ya Kipare ili wakwe waliotoka Bendera waelewe, na kweli hakushindwa, tulisikia hadi tuliokuwa nyuma. Lakini waya wa kamera ya Asheri ulikuwa umechomekwa kwenye mashine ya maiki, na kwenye mashine ya maiki hakukuwa na kitu. Asheri alipotengeneza CD ya harusi akakuta kimya mahali pale, basi akaweka kwaya juu yake. Tangu hapo familia ina video ambayo baba anafungua mdomo na ndani yake wanatoka akina mama wa sauti ya kwanza na ya pili.

Baraka hiyo ikiwa ndiyo kwanza imeanza, ukumbi mzima unaonekana ukivunjika mbavu kwa kicheko. Kisha watu wanatulia, na mwisho wengine wanajifuta machozi. Mara ngapi nimemsikia Asheri akiwaelezea wateja sehemu hiyo! "Huyu mzee alikuwa mcheshi sana. Tazama watu walivyokufa." Mimi nilikuwa nainama kutafuta sindano ambayo haikuanguka. Nilijua kilichowachekesha, na nitaeleza kwa nini nilinyamaza.

Mzee Eliezeri alifariki mwaka juzi. Mwaka huu, kitindamimba wake Agape akapata mchumba, harusi ikapangwa Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Kwetu binti hatoki nyumbani bila baraka ya baba, na kama baba hayupo, anasimama baba mdogo. Baba mdogo wa Agape anaitwa Yona. Sina ubaya na Yona, lakini ukimpa maiki umempa shamba. Kwenye harusi moja alizungumza saa nzima na robo, wapishi wakawasha moto mara ya pili. Kwa harusi ya Agape alikuwa ameshaandika kurasa nane, na alisema huo ni utangulizi.

Mambo ya Yona ni ya kucheka, lakini ya Agape hayakuwa ya kucheka. Siku ya harusi ya dada yake alikuwa msichana wa darasa la sita, akiosha sahani nyuma ya ukumbi, na kwa kelele za sahani hakuambulia neno hata moja la baba yake. Irine mwenyewe ukimuuliza anasema alikuwa analia, anakumbuka sauti tu, si maneno. Agape alikuja kupimwa gauni, akasimama mbele ya kioo changu na pini mabegani, akaniambia taratibu, "Mama Kurwa, dada ameondoka na maneno ya baba. Mimi naondoka na kurasa nane." Niliumia, maana hata sisi tuliosikia tulibaki na kicheko kuliko maneno. Nilimwambia asimame wima, nikachomeka pini nyingine.

Bibi Priska alikuja kwa Asheri mara ya kwanza mwezi wa nane. Asheri akamwamkia vizuri, "Shikamoo mama," naye akaitikia marahaba, akakaa kwenye benchi langu.

"Mwanangu, nataka sauti ya mzee. Ile ya harusi ya Irine. Nataka Agape aisikie siku yake."

"Mama, haipo. Mzee alikataa maiki. Mashine haiwezi kutoa kisichoingia."

"Tazama tena, mwanangu."

"Hakuna cha kutazama, mama. Ni kazi yangu mwenyewe ile."

Bibi Priska alifungua mdomo kusema jambo. Kisha akanitazama mimi, mimi nikatazama sindano, naye akafunga mdomo, akaaga.

Alirudi mwezi wa kumi. Maneno yakawa yale yale, ila safari hii Asheri alimpa na somo: kwamba sauti ikishapotea haitengenezwi, kwamba laiti mzee angeshika maiki kama watu wengine tusingekuwa hapa. Mashine haikosei, anakosea mtu. Alimwambia hivyo mjane wa watu, kuhusu marehemu mumewe, huku anafuta vumbi kwenye kibodi. Nilikata uzi kwa meno ili nisiseme.

Mara ya tatu ilikuwa Jumatatu ya wiki ya harusi. Bibi Priska alishuka na gari la asubuhi, ana mkungu mdogo wa ndizi, akauweka chini, akakaa kwenye benchi na kufunga kanga vizuri kama mtu aliyekuja kukaa.

"Tazama tena."

"Mama jamani, nimeshakwambia."

"Ulikuwa na kamera?"

"Nilikuwa nayo."

"Hiyo kamera haina sikio lake?"

Asheri akacheka. Akaanza kumweleza kwamba kamera huwa na sikio moja, na sikio lenyewe siku ile lilikuwa kwenye waya wa maiki, kwa hiyo. Hapo kwenye "kwa hiyo" akanyamaza. Alikuwa amekumbuka kitu. Kamera yake ilikuwa imeharibika wiki ya harusi ya Irine, na Vudee alipanda na kamera ya kuazima kutoka Moshi, kubwa, yenye matundu mawili ya sauti.

Asheri hatupi kitu. Mafaili halisi ya harusi ile yalikuwa kwenye diski aliyoihifadhi ndani ya soksi. Akaitoa soksi, akaichomeka diski, akafungua daftari ukurasa wa kwanza kabisa. Pale kuna amri ambayo haibadilishi chochote, inaliuliza faili tu ndani yake mna nini. Hakuwa ameitumia kwa miaka, maana mtu anayejua haulizi. Akaiandika. Dirisha jeusi likajibu mistari mitatu. Mimi Kiingereza changu ni cha lebo za vitambaa, lakini kuhesabu hadi tatu najua.

"Mbona mitatu?" nikauliza. "Si ulisema picha na sauti?"

"Picha moja," Asheri akasema polepole. "Sauti mbili."

Nilichokielewa baadaye ni hiki. Ile programu yake, usipoiambia vinginevyo, inachukua sauti moja na kuiacha nyingine bila kusema neno. Sauti ya kwanza ilitoka kwenye waya wa maiki. Ya pili ilitoka kwenye sikio la kamera yenyewe. Kila alipobadilisha video hiyo, kwa kila mwanafamilia, kwa kila aina ya simu na runinga, yeye mwenyewe aliiacha ile ya pili nje. Ilikuwepo siku zote, ndani ya soksi.

Akaandika amri mpya, akaitoa ile sauti ya pili peke yake, akavaa hedifoni. Bibi Priska alikuwa anamtazama usoni, si kwenye kioo. Nami nikamtazama. Kwanza Asheri alitabasamu. Kisha tabasamu likaondoka. Kisha, na hili sitalisahau, akajishika mdomo kwa mkono, kama anayetaka kujua iwapo kuna kitu ndani.

Akavua hedifoni. "Mama, rudi Alhamisi. Kuna... kuna fomati kidogo."

"Alhamisi," Bibi Priska akasema, hakuuliza zaidi. Ndizi akaziacha.

Alipoondoka, Asheri alivuta pazia, akanipa hedifoni bila kuniangalia. Nikasikiliza. Kwanza viti na watoto na sahani za mbali. Halafu sauti ya Mzee Eliezeri, mbali kidogo lakini safi: "Mwanangu Irine." Nilisisimka mwili mzima, nasema kweli. Na hapo hapo, juu yake, karibu kabisa na sikio, ikaja sauti ya Asheri wa miaka thelathini:

"Oya, dada! Dada wa jikoni! Sahani ya mpiga picha usiisahau! Hapa hakuna kitu, mzee anachezesha mdomo tu, maiki hana. Niwekee paja. Paja, siyo shingo!"

Kimya. Ukumbi wote kimya. Kisha Mzee Eliezeri, bila hasira hata chembe:

"Mpeni kwanza kijana wa kamera chakula. Baraka haitolewi mbele ya mtu mwenye njaa."

Na ukumbi ukaangua kicheko, kile kicheko maarufu. Asheri peke yake ndiye hakusikia. Masikio yake yalikuwa ndani ya hedifoni, hedifoni zilikuwa kwenye waya wa maiki, na kwenye waya hakukuwa na kitu, basi alidhani hakuna kinachonaswa, akapayuka kama wanavyopayuka watu walioziba masikio. Akaona watu wanacheka, akawavuta karibu kwa kamera, akafurahi kupata picha nzuri. Sahani ikafika. Mzee akaendelea kubariki, na Asheri, mdomo wake umeegemea sikio la kamera, akaanza kula. Baraka nzima ya Mzee Eliezeri imepita katikati ya meno ya Asheri.

Nilivua hedifoni.

"Mama Kurwa, wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ulicheka?"

"Nilicheka sana."

"Miaka kumi na moja! Mbona hukuniambia?"

Nikamjibu ukweli. Nani angekwambia? Kwetu unaweza kumwambia mtu ni mwongo, ukampeleka baraza la kata, ukakata rufaa, na Jumapili mkakaa benchi moja kanisani. Lakini kumkumbusha mtu chakula alichokula nyumbani kwako ni kumsimanga, na masimango hayana rufaa. Vudee nzima ilijua. Mchungaji alijua. Bibi Priska alijua kuliko wote, maana ndiye aliyeagiza lile paja. Ndiyo maana mara tatu alishuka mlima na mara tatu hakuweza kusema zaidi ya "tazama tena" na, mwisho kabisa, swali la sikio la kamera. Angesemaje? Angesema, "Mwanangu, najua sauti ilinaswa kwa sababu ulikuwa unatafuna karibu nayo"? Angekufa nalo kwanza.

Chai ya saa nne Asheri hakuigusa.

Jumanne na Jumatano alifanya kazi moja tu, kujitoa mwenyewe kwenye baraka. Daftari lilijaa amri mpya. Akishusha sauti yake, ya mzee inashuka nayo. Akikata pale anapotafuna, hakibaki kitu, maana alitafuna hadi mwisho, lilikuwa paja kubwa. Angeweza kukata ule mwanzo wa kuomba sahani, lakini watu wangeuliza anayetafuna ni nani, na Vudee nzima ingejibu.

"Mikondo miwili naweza kuitenganisha," akaniambia, macho mekundu. "Watu wawili ndani ya mkondo mmoja siwezi."

Jumatano mchana nilimwona anaandika amri ninayoifahamu kwa sura, ile ya kawaida ya siku zote, inayochukua sauti ya kwanza na kuiacha ya pili. Safari hii mwishoni aliongeza ya kufuta faili la zamani. Ingekwisha hapo. Angemwambia bibi haipo, na nani angebisha? Kidole kilikuwa juu ya kitufe.

"Bonyeza," nikasema. Nilikuwa na hasira hadi sindano ikanichoma. "Bonyeza, Jumamosi twende tukamsikilize Yona."

Asheri alikaa na kidole hewani. Kisha akaanza kuifuta ile amri, kwa vidole viwili, herufi moja moja, kama alivyoiandika.

Alhamisi Bibi Priska alipoingia, Asheri alisimama. Hasimami kwa mteja yeyote.

"Shikamoo mama. Sauti ipo. Ilikuwepo muda wote. Na mimi nimo ndani yake, nimeongea juu ya mzee, nimekula juu ya mzee, na mara mbili nikakurudisha na maneno. Nilikosea mimi. Nisamehe."

Hilo ndilo nililosema sitaki lipotee.

"Marahaba," Bibi Priska akasema. "Najua, mwanangu." Kisha, haraka, kama mtu anayeogopa jibu: "Anasikika?"

"Anasikika."

Bibi akakaa kwenye benchi. Alishika ncha ya kanga akaikunja, akaikunjua. "Basi uicheze nzima. Usikate kitu."

"Mama, nitaaibika mbele ya watu."

"Mzee alikusubiri ukiomba paja. Sisi tutashindwa kukusubiri uaibike?"

Jumamosi Vudee kulikuwa na ukungu hadi saa saba. Ukumbi ni ule ule, umepakwa rangi tu. Yona alikaa mbele, kurasa zake kwenye mfuko wa koti, amezishika kwa juu. Asheri alikuja na kompyuta, projekta na spika, shati limepigwa pasi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na hedifoni shingoni. Zamu ya baraka ilipofika, MC hakumpa Yona maiki. Alimwashiria Asheri kwa kichwa.

Mzee Eliezeri akatokea ukutani, anasukuma maiki kando. "Mwanangu Irine," akasema, na ukumbi mzima ukashika pumzi, maana wengi walikuwa wamezoea kwaya mahali pale. Kisha ikaja kwenye spika zote mbili: "Oya, dada! Dada wa jikoni!" Hadi "siyo shingo!"

Hakuna aliyecheka. Watu wa Vudee walikuwa wanatazamana, hawajui kama kucheka sasa ni masimango au la. Asheri alikuwa anatazama viatu vyake, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Aliyecheka kwanza ni Bibi Priska. Alicheka hadi kilemba kikasogea, na hapo ukumbi ukaachia, ukumbi wa leo pamoja na ukumbi wa zamani ukutani, hata usijue kicheko kipi ni cha mwaka gani. Na katikati ya vicheko tulikuwa tumeshamsikia Mzee: "Mpeni kwanza kijana wa kamera chakula."

"Simamisha hapo," Bibi Priska akasema.

Asheri akasimamisha. Bibi akainuka mwenyewe, akaenda jikoni taratibu, watu wote wanamsubiri, bibi harusi anamsubiri, Yona anamsubiri. Akarudi na sahani ya pilau, paja juu yake, akampa Asheri mikononi.

"Haya. Endelea."

Mzee Eliezeri akaendelea, na mtafunaji wake nyuma yake.

"Mwanangu, mimi sina maneno mengi. Huko unakokwenda ni mbali kuliko ng'ambo ya bonde, sauti yangu haitafika. Lakini nitakuwa nakuita vile vile. Siku moyo ukishtuka bila sababu, ujue ni mimi nimesimama juu ya jiwe. Itika tu, hata kama uko jikoni, hata kama kuna wageni. Nikijua umeitika, nitakuwa na amani. Sasa nakuita, nisikie utakavyoitika." Akavuta pumzi, akaita kwa ile sauti ya ng'ambo ya bonde, madirisha yakatikisika: "Mwanangu!"

Siku ile ya kwanza Irine aliitika. Nilikuwepo, nilimsikia. Lakini kwenye mkondo wa pili, mahali pale pale pa kuitika, meno ya Asheri yalivunja mfupa. Kraa! Sauti ya Irine haikuingia kabisa. Kulikuwa na mfupa tu, kisha nafasi tupu, mzee ukutani ametega sikio. Asheri alifumba macho.

Agape akasimama, shela langu na yote.

"Abee, baba!"

"Haya," Mzee Eliezeri akasema. "Nenda salama."

Yona alitoa mkono kwenye mfuko wa koti akaanza kujifuta uso. Asheri alikuwa bado ameshika sahani kwa mikono miwili, na paja halijaguswa.